Kwa wadogo zangu mnaoanza raga hapa Goma

Kila Jumamosi anakuja msichana mpya, na swali ni lile lile: "Yaya, mpira nitapewa lini?" Utapewa. Ila kwanza nikusimulie habari za Maggie Alphonsi.

Alizaliwa London mwaka 1983, familia yenye asili ya Nigeria, na wayo mmoja uliopinda tangu kuzaliwa. Raga alifundishwa shuleni na mwalimu wake wa michezo, Liza Burgess. Huyo Burgess naye alikuwa nahodha wa Wales, akicheza enzi ambazo wanawake hawakuwa hata na Kombe la Dunia. La kwanza lilichezwa huko Wales mwaka 1991. Mwanafunzi wake akaja kuichezea England mechi 74, na mwaka 2014 wakabeba kombe Paris kwa kuifunga Kanada 21-9.

Wengi mnapenda hapo kwenye kombe. Mimi napenda jezi yake, namba 7. Kazi ya namba 7 ni kumwangusha mwenye mpira, kuinuka haraka na kuupora kabla wenzake hawajafika. Kazi ya vumbi. Walimwita Mashine kwa ajili hiyo, na ndiyo kazi ninayotaka uijue kabla ya kuota mbio za pembeni.

Mimi sikufundishwa. Kocha wa wakati ule alituambia "gonga tu!", basi. Mechi yangu ya pili nilifumba macho, nikapeleka kichwa mbele ya magoti ya dada mmoja mwenye mapaja kama magogo ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Nikaona nyota mchana. Mtulinga ukavunjika, na kwa wiki sita mama ndiye aliyenisuka na kunifunga kitenge, huku akiuliza kama bado nina akili.

Kwa hiyo macho wazi. Kichwa kinapita nyuma ya makalio yake, kamwe si mbele. Bega linaingia kwenye paja, mikono miwili inazunguka na kubana, miguu yako inaendelea kusukuma. Tunaanza tukiwa tumepiga magoti, mwendo wa pole, kwenye nyasi. Utachoka na magoti hayo, najua. Mwezi mzima.

Ukigongwa kichwa ukasikia kizunguzungu, unatoka, na siku hiyo hurudi uwanjani hata ukilia. Hapo sibembelezwi.

Wazazi nitakuja kuongea nao mwenyewe. Viatu vya meno tafuta vya mitumba soko la Virunga, usinunue vipya kabla hujajua kama utabaki. Kata kucha, hereni ziache nyumbani.

Tena uje mapema. Mawe ya volkano hayaishi hapa kwetu: tukiyaokota leo, mvua ya usiku inafukua mengine, na hakuna anayeangushwa kabla uwanja haujasafishwa. Beba ndoo.