Boriti ya futi 24 kwenye reli ya futi 16

Ndugu, umeuliza kama mashine yako ya kupasua mbao, ile ya kuhamishika ambayo msumeno wake hutembea juu ya reli ya futi 16, inaweza kupasua boriti ya futi 24. Inaweza, ukiunganisha kipande kingine cha reli. Kazi iko kwenye usawa: vuta uzi toka ncha hadi ncha, kisha kaza vibao vigumu chini ya kila kiungo. Hapa kwetu Embakasi, Nairobi, udongo mweusi ukinyeshewa hulegea, na reli huzama. Niliwahi kutoa boriti nyembamba katikati kwa nusu inchi, na mwenye boriti amesimama anatazama! Mkaratusi nao hujipinda ukiupasua upande mmoja tu, kwa hiyo geuza gogo, toa kidogo huku, kidogo kule. Na kusogeza gogo mkato ukiwa nusu, badala ya kurefusha reli? Mimi siwezi, alama haifichiki.