Homa Isiyokwisha ya Askari Mstaafu

SWALI: Mhariri, nimestaafu kutoka UPDF, jeshi la Uganda, na sasa ninafuga ng'ombe wilayani Nakasongola. Tangu mwaka juzi ninasumbuliwa na homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku linalolowesha shuka, na maumivu ya kiuno. Kila nikienda kituo cha afya cha serikali huambiwa ni malaria au taifodi. Daftari langu la matibabu limejaa maneno hayo mawili, wala hakuna aliyewahi kufunua kurasa za nyuma. Kuhusu kiuno niliambiwa kwamba askari wazee wote huumwa mgongo. Majuzi maabara ya binafsi imegundua bruselosisi, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo. Nimeumia sana moyoni. Imekuwaje ugonjwa huu usionekane, na nifanye nini sasa?

JIBU: Afande, pole sana. Una kila sababu ya kukasirika, kwa maana mfugaji mwenye homa ya kujirudia na jasho la usiku alipaswa kuulizwa mapema kama anakunywa maziwa mabichi, au kama amemzalisha ng'ombe aliyetupa mimba. Hizo ndizo njia kuu za kuambukizwa bruselosisi.

Vipimo navyo hupotosha. Kipimo cha haraka cha malaria huweza kuendelea kuonyesha ugonjwa kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kwisha mwilini, na kile cha Widal, kinachotumiwa kutafuta taifodi, huweza kuitikia hata maambukizi ya zamani. Mhudumu mwenye foleni ndefu akiona jibu hilo huandika dawa na kumwita mgonjwa mwingine. Ninaelewa ugumu wa kazi yake, lakini homa inaporudi baada ya dozi kukamilika, dozi ileile haitoshi kuwa jibu. Kituo hakilaumiwi kwa kukosa kipimo. Kinalaumiwa kwa kutompeleka mgonjwa penye kipimo.

Sasa nenda hospitali ya rufaa ya mkoa ukiwa na daftari hilo na majibu ya maabara. Tiba ya kawaida ni dawa mbili kwa pamoja, kwa muda usiopungua wiki 6, na anayeziacha mapema hurudiwa na ugonjwa kwa urahisi. Sisitiza uti wa mgongo uchunguzwe, kwa sababu bruselosisi huweza kuushambulia, na kifua kikuu cha mgongo huleta dalili kama zako. Hati ya Haki za Wagonjwa, iliyotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2009, inakupa haki ya kuelezwa ugonjwa wako na ya kupata maoni ya daktari mwingine. Malalamiko yako yaandikie afisa wa afya wa wilaya, uambatanishe nakala za kurasa za daftari, na ile kauli kuhusu askari wazee usiiache nje.

Waliokunywa maziwa ya zizi hilo nyumbani kwako nao wapimwe, na daktari wa mifugo aitwe awakague ng'ombe. Hadi hapo, maziwa yote yachemshwe.