Wachoraji katika Daftari la Mishahara

Maswali ya safari hii yanahusu wasanii walioajiriwa na serikali ya Marekani wakati wa Mdororo Mkuu wa Uchumi wa miaka ya 1930.

Swali: Ilikuwaje serikali ilipie picha ilhali wananchi wanapanga foleni ya mkate?

Jibu: Wachoraji nao walikuwa katika foleni hiyo. Mwaka 1933 takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi, na matajiri waliozoea kununua picha walikuwa wamefunga mikoba yao. Mwezi Mei mwaka huo mchoraji George Biddle alimwandikia Rais Franklin Roosevelt, ambaye walisoma naye, akimweleza jinsi serikali ya Mexico ilivyowapa wasanii ujira wa mafundi bomba ili wachore kuta za majengo ya umma. Desemba ukaanza mradi wa kwanza, ambao kwa muda wa miezi michache uliajiri wasanii wapatao 3,700. Uliofuata, Federal Art Project (Mradi wa Sanaa wa Serikali Kuu), ulidumu kuanzia 1935 hadi 1943, na wengi walioingia humo walitakiwa kwanza kuthibitisha kwamba ni wahitaji, kama walivyotakiwa vibarua waliojenga barabara chini ya mpango uleule mkuu wa serikali wa kuwapa kazi wasio na ajira. Kwangu mimi, kumweka mchoraji katika daftari moja na mjenzi wa barabara kulikuwa jambo jipya kuliko picha zenyewe.

Swali: Je, walichora walichotaka?

Jibu: Mwenye kulipa alikuwa na kauli. Mwaka 1934, katika mnara wa Coit mjini San Francisco, nyundo na mundu, alama ya ukomunisti, vilivyochorwa na Clifford Wight vilizua zogo wakati uleule makuli wa bandari wakiwa katika mgomo. Ufunguzi ukaahirishwa na alama hiyo ikafutwa. Huko New York, mwaka 1936, uongozi wa Harlem Hospital ulikataa baadhi ya michoro ya Charles Alston na wenzake kwa hoja kwamba ilijaa mno watu weusi, hoja ya ajabu kwa hospitali iliyo katikati ya mtaa wa watu weusi. Wasanii walipinga hadharani, na hatimaye kuta zikachorwa.

Swali: Michoro ya ofisi za posta ilitokana na Federal Art Project?

Jibu: La. Hiyo ilisimamiwa na Wizara ya Fedha kwa njia ya mashindano, ambamo ubora wa kazi ulitangulia uhitaji wa msanii.

Swali: Picha hizo ziko wapi leo?

Jibu: Nyingi za ukutani zingali mahali pake. Mradi huo ulipofungwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, shehena ya picha za kitambaa mjini New York iliuzwa kwa uzito, kama matambara, zikaishia katika duka la vitu vikuukuu. Mchoraji Alice Neel alikwenda huko akanunua baadhi ya picha zake mwenyewe, zilezile ambazo serikali ilikwisha kumlipa azichore.