Tulimwacha rafiki yetu kwenye kivuko cha Feri na mizigo, sasa hataki kusafiri nasi

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina umri wa miaka 29. Mwezi uliopita mimi na wenzangu wanne, marafiki tangu sekondari, tulikwenda Dar es Salaam kwa treni ya asubuhi ili tutembee mjini na kurudi jioni. Mmoja wetu alivunjika mguu kwa ajali ya bodaboda miaka miwili iliyopita, na hadi leo anachechemea. Tulipanga kuona Posta, Makumbusho, Kariakoo, Kigamboni na Coco Beach. Kufikia saa saba mchana alikuwa amechoka, tukamwambia akae kwa mama lishe pale Feri atulindie mizigo, sisi tuvuke na pantoni mara moja tu. Tulikaa ng'ambo muda wa saa tatu nzima. Hakusema neno njia yote ya kurudi, na kesho yake akajitoa kwenye kundi letu la WhatsApp. Wenzangu wanasema anadeka, na wanapanga safari nyingine mwezi ujao bila yeye. Je, niende nao? Na yeye nimwambie nini?*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale uliposema kwamba mlimwachia mizigo. Kama mngemwacha apumzike, na mmoja wenu akabaki naye, leo pengine tusingekuwa na neno. Lakini mtu aliyelipa nauli sawa na yenu na kuamka alfajiri kama ninyi, kwa hamu ileile ya kuuona mji, mlimgeuza mlinzi wa mifuko.

Pale Feri ninapafahamu. Kuna moshi wa samaki wanaokaangwa, honi za magari yanayopanga foleni, na umati unaosukumana kila geti linapofunguliwa. Jiweke kwenye benchi lile, mifuko mitano miguuni pako, na mguu mmoja unauma. Pantoni huvuka kwa dakika chache tu, kwa hiyo katika saa zile tatu rafiki yako aliiona ikija na kuondoka mara nyingi, na kila ilipotia nanga alitafuta nyuso zenu kati ya mamia ya watu wanaoshuka. Je, mmejiuliza kama aliweza kwenda chooni? Angemwachia nani ile mifuko? Mambo madogo kama hayo ndiyo aliyorudi nayo kwenye treni, na ndiyo yaliyomfanya anyamaze.

Wenzako wanasema anadeka, lakini barua yako mwenyewe inawakanusha. Umeandika kwamba kufikia saa saba alikuwa amechoka, maana yake alitembea nanyi tangu asubuhi, akazunguka Posta na kupenya Kariakoo yenye msongamano ambao hata sisi wenye miguu mizima hututoa jasho. Anayedeka asingefika saa saba.

Naona pia jinsi mlivyofika hapo, na sidhani kwamba ninyi ni watu wenye roho mbaya. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, safari iliyokuwa ikimaliza nusu siku kwa basi sasa huchukua chini ya saa mbili, na wengi wetu tumejidanganya kwamba na jiji lenyewe limekuwa dogo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Kigamboni iko ng'ambo ya mlango wa bandari, Coco Beach iko Oysterbay upande mwingine kabisa, na foleni za barabarani hazijui kwamba mna treni ya jioni ya kuwahi. Mliandika ratiba ya siku tatu mkaipa siku moja, na ratiba ya namna hiyo lazima imwangushe mtu. Ilimwangusha yule ambaye mwendo wake ni wa polepole, nanyi mkachagua kuifuata ratiba.

Sasa nikujibu uliloniuliza. Usiende nao. Waambie wazi, kwenye kundi lenu hilohilo, kwamba hutasafiri mwezi ujao na kwa sababu gani, wala usitafute kisingizio cha kazi au cha fedha. Ukiwaambia kwamba umebanwa na mitihani ya wanafunzi, utakuwa umejiondoa wewe tu, na yeye utakuwa umemwacha tena kwenye benchi lile.

Kuhusu yeye, nenda nyumbani kwake kwa miguu yako, peke yako. Usimtumie ujumbe wa simu, na usiwachukue wenzako, kwa maana watu wanne mlangoni ni baraza, naye ataona kama amewekwa kikao. Ukishakaribishwa, sema mlichokifanya kama kilivyokuwa: mlimwacha, mlimpa mizigo, mlisema mtarudi mara moja na hamkurudi, na wewe ulikuwa mmoja wao. Usimweleze kwamba mlidhani angependa kupumzika. Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, alisumbuliwa na magoti miaka yake ya mwisho, na siku moja aliniambia kwamba kuachwa nyuma alikwisha kukuzoea, ila kilichomchoma ni kuulizwa "wewe utakaa hapa, au siyo?" na mtu ambaye ameshageuza mgongo. Nilinyamaza, kwa sababu mtu huyo nilikuwa mimi. Kwa hiyo nawe ukishaomba radhi, nyamaza umsikilize, hata akisema maneno makali.

Siku hiyo usimtajie safari kabisa. Ukimwomba radhi na papo hapo ukamwalika tena Dar, ataona kwamba unanunua msamaha kwa tiketi. Subiri wiki mbili au tatu, uendelee kumtembelea, na akionyesha mwenyewe kwamba moyo wake umetulia, ndipo umwulize ni kitu gani kimoja angependa kukiona. Kimoja tu, na siku ipangwe kukizunguka hicho.

Akichagua Kigamboni, na mimi ningekuwa yeye ningeichagua, anzeni nayo asubuhi mkiwa na nguvu. Kodini teksi ipite Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, ili asisukumwe getini Feri, na kaeni naye ufukweni hadi mchana pasipo mtu kutazama saa. Akichagua Makumbusho ya Taifa, hapo ndipo ningewashauri mtumie siku karibu nzima. Panahifadhiwa fuvu la zamadamu aitwaye Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959, na pia yapo magari aliyoyatumia Mwalimu Nyerere. Ng'ambo ya barabara iko Bustani ya Mimea, ambako mtakaa kivulini kila mguu unapodai haki yake. Mkitoka hapo, Sanamu la Askari, lililosimamishwa mwaka 1927, haliko mbali, nanyi mtalipita kwa bajaji mkirudi stesheni. Bajaji hubeba abiria watatu, kwa hiyo mkiwa watano chukueni mbili na mgawane nauli sawa, bila kumfanya aone kwamba gharama imeongezeka kwa ajili yake. Mabasi ya mwendokasi ni nafuu, lakini saa za msongamano mtasimama njia nzima. Kariakoo iacheni. Anayetaka vitambaa aende siku yake mwenyewe, na mifuko yake aibebe mwenyewe.

Huenda akakataa, na ana haki hiyo. Huenda akakusamehe wewe na asitake kuwaona wale watatu tena. Hilo nalo ulipokee bila kumshurutisha kwa ajili ya umoja wa kundi. Urafiki wenu haukuanzia Dar es Salaam, ulianzia hapohapo Morogoro mkiwa wasichana wa sekondari, na hapo pana jioni nyingi za kunywa chai barazani kwake bila tiketi wala ratiba.

Nenda Jumamosi hii, asubuhi, kabla wenzako hawajaanza kuchangishana nauli.