Msitu wa Amani: una rutuba, una tija, au unazalisha?

Mwalimu wa biolojia wa Muheza anauliza: mwanafunzi wake ameandika, "Msitu wa Amani una rutuba kuliko bahari, na jangwa halizai kitu." Mwenzake wa somo la kilimo akafuta "rutuba", akaweka "tija". Yeye mwenyewe angeandika "uzalishaji wa mimea". Nani yuko sahihi?

Mwalimu, kwa heshima zote, hakuna. Ila wewe ndiye uliyekaribia.

Rutuba ni ya udongo, si ya miti iliyosimama juu yake, na hapa Tanga kuchanganya mambo hayo mawili kuliwahi kuwagharimu watu. Walowezi wa Kijerumani walipoingia milima ya Usambara Mashariki, uliko msitu huu wa Amani, miaka ya 1890 waliona miti minene imefunga mbingu, wakaamini ardhi ya chini nayo imenona. Wakafyeka, wakapanda kahawa. Haikustawi walivyotarajia. Udongo wa kule una tindikali na umechujwa na mvua kwa muda mrefu. Virutubisho vingi vimo ndani ya mimea yenyewe. Jani likidondoka huoza upesi, na mizizi huvidaka virutubisho vyake kabla mvua haijavichukua. Kwa hiyo msitu unaweza kuzalisha kwa wingi juu ya udongo hafifu.

Tija nayo lazima iwe na mwenyewe: mtu aliyetia mbegu, mbolea na jasho, kisha akapima alichopata. Mkulima wa mkonge wa Korogwe ana tija, au hana. Jangwa halikuwekeza chochote. Najua wapo wanaoandika "tija ya ikolojia". Siwagombezi, lakini siwafuati. Na "mavuno" usiyaguse kabisa hapa. Jani la mkonge likipita kwenye korona, ile mashine ya kuchambua mkonge, singa zinazotoka ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Hayo ndiyo mavuno. Mmea wenyewe ulizalisha jani zima, na shina, na mizizi.

Sasa lako. Tunaposema "uzalishaji wa sukari", sukari ndiyo inayozalishwa. Basi msomaji akikutana na "uzalishaji wa mimea" atafikiria kitalu cha miche. Sema "uzalishaji unaofanywa na mimea", au, kwa ufupi wa darasani, "uzalishaji msingi", yaani kile ambacho mimea hujitengenezea kwa mwanga wa jua. Ukitaka kile kinachobaki baada ya mmea kutumia sehemu yake kwa kupumua, wahasibu wametuachia maneno mazuri: kabla ya kutoa ni "ghafi", baada ya kutoa ni "halisi".

Kinachonisumbua zaidi katika sentensi ya kijana ni "kuliko bahari". Kuliko kwa kipimo gani? Mwanaikolojia Robert Whittaker, katika makadirio yake ya miaka ya 1970, aliupa msitu wa mvua wa tropiki wastani wa gramu 2,200 za vitu vikavu (uzito wa mimea ukitoa maji) kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Savana aliipa 900, bahari kuu 125, na vichaka vya jangwani 90. Kwa mita ya mraba, kijana ameshinda. Lakini ukijumlisha dunia nzima, bahari zote kwa pamoja hufanya karibu nusu ya uzalishaji halisi, kwa kuwa ni pana mno.

Tena hufanya hivyo kwa vijimea visivyoonekana kwa macho, ambavyo uzito wake haufiki hata asilimia 1 ya uzito wa mimea ya nchi kavu. Hapo wengi hukwama, wakidhani wingi na uzalishaji ni kitu kimoja. Muuza vitumbua wa asubuhi huenda sahani yake haina zaidi ya vitano, kwa sababu vinaliwa anavyoviepua; hesabu unga uliokwisha, usihesabu sahani. Vijimea vya baharini navyo huliwa na kuzaliana upya ndani ya siku chache. Kwa hiyo "wingi" useme kwa kilichopo, na "uzalishaji" kwa kinachotengenezwa kwa muda fulani.

Kuhusu "halizai", mwembe huzaa, mnazi huzaa, na shamba huambiwa limezaa. Jangwa kuambiwa halizai ni Kiswahili safi kabisa. Tatizo ni la biolojia, maana gramu 90 si sifuri.

Ningemrudishia daftari likiwa limesahihishwa hivi: "Kwa kila mita ya mraba, mimea ya msitu wa mvua kama wa Amani huzalisha zaidi kuliko ya bahari kuu, na ya jangwani huzalisha kidogo sana." Alama za insha asikatwe. Za biolojia, hilo ni lako.