Moyo unakimbia tangu dozi ipandishwe: nipunguze kidonge mwenyewe?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 36, ni fundi cherehani hapa Mbeya, mama wa watoto wawili. Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa goita, tezi yote ikatolewa. Kinyama kilipelekwa maabara, hakikuwa na saratani. Tangu hapo nameza levothairoksini ya mikrogramu 100 na vidonge vya kalsiamu. Miezi miwili iliyopita TSH ilitoka 11.8, daktari akanipandisha hadi 125. Siku zile zile dada wa duka la dawa akaniambia nisimeze kalsiamu pamoja na dawa ya tezi, basi nikaihamishia usiku, ingawa mara nyingi naisahau.

Wiki ya tatu mambo yakaharibika. Moyo unakimbia hata nikiwa nimekaa, natoka jasho kwenye baridi hii ya kwetu, mikono inatetemeka hadi kutunga uzi kwenye sindano nashindwa. Vidole na midomo vinakufa ganzi. Usiku silali, nasoma kwenye simu hadi alfajiri, najipima mapigo kila baada ya dakika chache, naona kama nakufa. Nimeanza kukata kidonge nusu, siku nyingine naruka kabisa. Mume wangu anasema najitafutia ugonjwa. Wifi anataka niache vidonge nitumie dawa za miti. Kliniki ni mwezi ujao. Nina kilo 62. Shangazi, nipunguze dawa, au akili yangu ndiyo imeharibika?

Nisiyelala, Mbeya

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Akili yako ni nzima. Mtu aliyepoteza akili haniandikii uzito wake, dozi yake na majibu ya maabara kwa mpangilio namna hii. Na katika yote uliyoandika, lililonishika zaidi ni lile la kalsiamu, ambalo umelitaja kama jambo la kupita tu.

Kalsiamu ikikutana na levothairoksini tumboni, huishika, na sehemu ya dawa haifiki kwenye damu. Ndiyo maana huachanishwa kwa saa 4. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba tangu upasuaji ulikuwa unameza 100 huku mwili ukipokea pungufu. TSH hutoka kwenye kitezi kidogo chini ya ubongo kudai homoni ya tezi: homoni ikipungua, yenyewe hupanda. Maabara nyingi huhesabu kawaida kuwa kati ya 0.4 na 4 hivi, yako ikafika 11.8. Daktari akapandisha dozi, na kwa namba ile alikuwa na haki. Siku zile zile wewe ukaondoa kizuizi. Mwili ukapata nyongeza mbili kwa mpigo mmoja, na hakuna aliyeziona zote mbili isipokuwa wewe.

Mtu aliyetolewa tezi yote huhitaji, kwa wastani, mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Kwa kilo 62 hiyo ni karibu 100. Sikwambii ndiyo dozi yako, kwa sababu wastani ni wastani na mimi si daktari wako. Nakwambia kwamba moyo kwenda mbio, jasho, mikono kutetemeka na kukosa usingizi ni dalili zinazofahamika za homoni kuzidi, na kwamba daktari wako hana habari ya kalsiamu kuhamishwa. Akiipata, huenda asisubiri hata hiyo tarehe ya kliniki. Kwa hiyo kesho asubuhi piga simu kliniki, au nenda mwenyewe. Omba upimwe TSH, T4, yaani homoni ya tezi yenyewe, na kalsiamu. Kama bima hailipi vyote, uliza bei mapema na umwambie daktari akuchagulie vya kuanza navyo.

Sasa hilo la kukata vidonge. Naelewa kwa nini umefanya, mtu anayehisi anakufa hawezi kukaa mikono mitupu. Lakini dawa hii haiendi kwa siku, inaenda kwa wiki. Nusu ya kiasi kilichomo mwilini huchukua karibu siku 7 kutoka. Ni kama tangi la maji: ukifunga bomba leo, kesho bado limejaa. Ndiyo maana kila dozi ikibadilishwa, kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8, si kesho yake. Ukila nusu Jumanne kwa sababu Jumatatu ilikuwa mbaya, nafuu utakayoiona Jumatano haikuletwa na ile nusu. Na ukiendelea hivyo wiki nzima, kipimo kitatoka na namba ambayo hata bingwa atashindwa kuisoma. Mweleze daktari siku ulizoruka na siku ulizokata, bila aibu, kisha dozi atakayokupa yeye uishike hiyo hiyo kila siku hadi kipimo kinachofuata.

Ganzi ya vidole na midomo siipendi, na sitaki uichanganye na hayo mengine. Karibu na tezi kuna vitezi vidogo vinne vinavyosimamia kalsiamu ya damu, na upasuaji wa goita unaweza kuviumiza. Ndiyo sababu ulipewa vile vidonge unavyovisahau usiku. Kalsiamu ikishuka, huanza kwa ganzi na vichomi kwenye ncha za vidole na kuzunguka midomo, na yenyewe huleta wasiwasi. Lakini pia mtu mwenye hofu hupumua haraka haraka bila kujijua, na kupumua huko peke yake huleta ganzi ile ile, mahali pale pale. Kwa kuhisi tu huwezi kutofautisha, wala mimi siwezi. Damu itasema. Wakati unasubiri, weka kengele ya simu kwa ajili ya kalsiamu, uimeze kama ulivyoandikiwa. Vidole vikianza kukakamaa na kujikunja, au misuli ikibana, usisubiri simu ya mtu, nenda hospitali. Vivyo hivyo ukipata maumivu ya kifua, ukizimia, ukikosa pumzi, au mapigo yakiwa yanarukaruka bila mpangilio. Hata kama ni usiku wa manane, nenda.

Nije kwenye hofu yenyewe. Umeniuliza kama ni dawa au ni akili, na naona nyumbani mmeligeuza kuwa kesi: ikiwa ni hofu, basi wewe ni mwongo, ikiwa ni dawa, basi mume ana makosa. Mwanangu, ni vyote viwili kwa pamoja. Homoni iliyozidi hukimbiza moyo. Moyo ukikimbia, mtu yeyote huogopa. Akiogopa, moyo huongeza mwendo. Hakuna mwongo hapo. Faida ya kulijua hili ni kwamba nusu moja ya tatizo ni ya daktari, na nusu nyingine unaweza kuanza nayo leo usiku, kabla majibu hayajatoka.

Mapigo pima mara mbili tu: asubuhi kabla hujainuka kitandani, na jioni ukiwa umekaa. Hesabu dakika nzima, andika kwenye daftari lako la vipimo vya wateja, ukurasa wa mwisho, kisha funga. Kujipima kila mara hakujamtuliza mtu, kunampa tu kitu kipya cha kuogopa. Simu ilale chumba kingine. Hofu ikipanda usiku, kaa kitandani, vuta pumzi kwa pua, kisha itoe polepole kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, dakika kadhaa. Ikiwa majibu yatatoka mazuri na hofu bado ipo, mwambie daktari hivyo hivyo, kwa sababu hofu nayo hutibiwa. Daktari anaweza pia kukupa dawa ya kutuliza mapigo kwa muda, kama propranolol, lakini usiazime ya jirani. Kwa mwenye pumu dawa hiyo ni hatari.

Wifi anakupenda, mshukuru, lakini hapo usimsikilize. Aliyebakiwa na tezi kidogo tunaweza kujadiliana. Wewe huna tezi kabisa, na hakuna mti utakaotengeneza homoni hiyo badala yake. Ukiacha, mwili utapoa wiki baada ya wiki, na mwisho wake unaweza kuwa mbaya sana.

Asubuhi meza kidonge kwa maji matupu, ukae nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai ya maziwa au kahawa. Vidonge vya madini ya chuma navyo viachanishe kwa saa 4. Kama unatumia vile vidonge vya kuotesha nywele, angalia kama vina biotini, aina ya vitamini: huweza kupotosha kipimo cha tezi, TSH ikaonekana imeshuka na T4 imepanda wakati si kweli. Viache angalau siku 2 kabla ya kutoa damu. Na kama kuna dalili ya mimba, sema mapema, kwa sababu mahitaji ya dawa huongezeka.

Kwa mume wako nina ombi, na unaweza kumsomea hapa. Baba, mkeo hatafuti ugonjwa. Ametolewa kiungo, na dawa inayoshika nafasi yake haijakaa sawa bado. Mpeleke wewe. Ingia naye chumba cha daktari, ukiwa na karatasi yenye mambo manne: tarehe dozi ilipopanda, tarehe kalsiamu ilipohamishwa, siku alizoruka au kukata kidonge, na mapigo ya asubuhi na jioni. Yeye akiingiwa na hofu mbele ya daktari akasahau, usome wewe.