Kabla Hujakaa Kaunta, Pita Kwanza Kwenye Mtambo

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, Jumamosi tunatembelea kiwanda kidogo cha pombe kali, kina baa na jiko lake. Wageni huzungushwa kiwandani, ila wenzangu wanaona ni kupoteza muda, wanataka tuingie baa moja kwa moja. Unashaurije?" Nilidhani nitamjibu kwa mistari miwili, kumbe amenigusa penye kidonda.

Mara yangu ya kwanza tulikuwa watano. Tulifika saa nzima kabla ya zamu yetu ya kuzungushwa, na sikuwa nimetia kitu tumboni tangu asubuhi. Tukaletewa vya kuonja, glasi nne ndogo juu ya kibao: jini mbili, ramu na wiski. Nikazimaliza upesi, nikaagiza nyingine. Wakati wa kuzunguka ulipofika nilikuwa nampigia kelele mwongozaji, na mlangoni mwa chumba cha mtambo nikanyoosha mkono niguse shaba ya mtambo. Akanishika bega. "Kaka, naomba usubiri nje. Humu mna mvuke unaoshika moto." Mbele ya rafiki zangu wote. Hakukosea hata kidogo. Ila nilikaa kwenye benchi lile mpaka walipomaliza, na hakuna hata mmoja wao aliyetoka kunijulia hali. Hilo linaniuma mpaka leo, na kundi lile sitembei nalo tena.

Kwa hiyo ndugu yangu, kula kwanza. Ukishuka tu, ulizia jikoni kuna nini, agiza, ushibe. Pombe hufyonzwa zaidi kwenye utumbo mwembamba, na chakula huichelewesha tumboni isifike huko kwa kishindo. Glasi zile ni ndogo, lakini ndani yake kuna kilevi cha asilimia 40, mara nyingine zaidi ya 50.

Baada ya miezi sita nilirudi peke yangu, nimeshiba, nina daftari. Mwenye mtambo, mama mtu mzima mwenye maneno machache, ndiye aliyenizungusha. Nilimwomba radhi kwa siku ile, akaniambia tuendelee na kazi. Akakinga matone ya kwanza yaliyokuwa yanatoka, akanisogezea ninuse tu. "Unasikia nini?" Nikamjibu, dawa ya kufutia rangi ya kucha. "Basi hicho ndicho kichwa, hakinywewi."

Hapo ndipo nilipoelewa kazi yenyewe, yaani kukeneka: kinywaji kilichochachushwa huchemshwa mtamboni, na mvuke wake hupoozwa ukawa pombe kali. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, kilevi tunachokunywa kwenye 78 hivi, na vitu vyepesi zaidi hutangulia kugeuka mvuke. Hicho ni kichwa, nacho hutengwa. Kinachofuata ni moyo, ndio unaochukuliwa. Mwishoni huja mkia, mzito, una harufu ya karatasi iliyolowa. Hakuna mstari unaokuonyesha kimoja kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi. Mkenekaji, yule anayeendesha mtambo, hunusa, huonja, huamua. Na ile shaba niliyotaka kuichezea ina kazi yake: hushika salfa inayotokana na uchachushaji, ambayo ingebaki ingekifanya kinywaji kinuke vibaya. Aliyekaa kaunta mchana kutwa hayapati haya.

Najua wengi mnaonisoma mnaota kama mimi, siku moja uwe na mtambo wako. Basi tazameni na jiko lao. Wiski ya Scotland kwa sheria hulala kwenye mapipa ya mwaloni miaka 3 au zaidi, na huko takriban asilimia 2 ya kilichomo hupotea kila mwaka kwa mvuke. Miaka yote hiyo mishahara inalipwa na nini? Ndiyo maana viwanda vingi vidogo huanza na jini: pombe isiyo na ladha hukenekwa upya pamoja na matunda ya juniperi na viungo vingine, na haihitaji pipa. Baa na jiko huongezea. Sahani unayoagiza pale inalilinda pipa lisifunguliwe kabla ya wakati wake. Mimi hilo lilinichukua ziara tatu kulitambua, ninyi msichelewe hivyo.

Ukifika kwenye kuonja, usitumbukize pua ndani ya glasi kama unanusa mvinyo. Kilevi kitakuchoma usisikie kingine. Isogeze taratibu, mdomo umeachama kidogo. Onja kavu kwanza, halafu dondoshea maji kidogo uonje tena, harufu hubadilika. Kutema si aibu. Wakenekaji wanatema, wewe ni nani usiteme? Na usishindane na mtu. Narudia kwa sababu najua mtasahau: usishindane, na usianze kabla hujala.

Mwezi huu yule mama aliniweka mbele ya mtambo akaniambia niseme mwenyewe kichwa kimeishia wapi. Nikanusa, nikangoja, nikanusa tena, nikasema "sasa." Akageuza mfereji bila neno. Niliondoka pale nikiwa natetemeka kwa furaha, na sioni haya kulisema hadharani.

Kwa hiyo Jumamosi, ndugu yangu, wakiingia baa waache waingie. Kula, kisha jiunge na wanaozungushwa hata kama uko peke yako, na usimame karibu na mwongozaji. Uliza mapema kama simu zinaruhusiwa ndani, kwa sababu ya mvuke ule ule. Na kama wewe ndiye mwenye gari, usionje hata tone. Omba wakuuzie chupa, uionje ukiwa nyumbani.